Rangi Ilibanduka Mikononi mwa Watoto: Somo Nililolipia kwa Mabasi 60 ya Plastiki

Wengi huwa mnatuletea hapa jinsi mlivyopata, na sisi tunafurahi na kujifunza. Leo naomba nilete ya kwangu ambayo ilianza na aibu. Nimeamua kuiandika kwa sababu naona vijana wengi wanaingia kwenye hii kazi ya kupaka rangi vitu vidogo vya plastiki: magari ya mfano, wanyama wa kuwekea mezani, vinyago vya kwenye keki, zawadi za harusi na mahafali. Ni biashara nzuri, mtaji wake sio mkubwa. Ila ina sehemu moja ambayo mteja haioni, na hiyo hiyo ndiyo itakayokuua au kukuponya. Nayo ni maandalizi kabla ya rangi.

Kaa hapa dakika chache. Mwisho nitakupa na hesabu.

ILIVYOANZA

Mimi nipo Dar es Salaam. Nilikuwa nanunua magari ya plastiki kwa jumla Kariakoo, naondoa matairi, napuliza rangi anayotaka mteja, naandika jina, narudisha matairi. Mtu anataka daladala lenye jina la mwanae, namtengenezea. Mwingine anataka bajaji ya rangi ya timu yake, namtengenezea. Nilikuwa nauza moja moja, na kwa kuwa mteja anaenda kuliweka juu ya kabati na kuliangalia tu, hakuna aliyerudi kulalamika. Nikajiona fundi.

Siku moja shule moja ya msingi ikanipa oda. Wanataka mabasi madogo 60 ya njano kama basi lao la shule, kila mtoto wa darasa la saba apewe moja siku ya mahafali, na jina la shule ubavuni. Tukakubaliana shilingi 8,000 kwa basi, jumla 480,000. Wakanipa kianzio 100,000. Iliyobaki 380,000 nichukue Jumatatu baada ya mahafali.

Mtaji haukutosha. Nikaenda kwa mama mdogo, ambaye yupo kwenye kikundi cha kukopeshana mtaani kwetu. Mimi nilikuwa mgeni kwenye kikundi, kwa hiyo yeye akasimama kuwa mdhamini wangu, nikapewa 150,000, kurudisha 165,000 ndani ya mwezi. Mama mdogo anauza maandazi. Aliposaini aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, usije ukanifanya nikawakwepa wenzangu njiani."

Mabasi niliyopata Kariakoo yalikuwa mchanganyiko: mekundu, ya bluu, ya kijani. Mazuri, mepesi, yanang'aa. Nikayatoa kwenye mfuko, nikapuliza njano juu kwa juu. Sasa njano ni rangi dhaifu, haifuniki haraka. Kwenye bluu ilitoka kama kijani. Nikaongeza mkono wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka ikafunika. Alhamisi nikamaliza, Ijumaa nikayafunga kila moja kwenye nailoni, nikapeleka. Mwalimu mkuu akafurahi, akanipiga picha nikiwa nayo.

Jumamosi saa saba mchana simu ikaita. Kwa nyuma nikasikia muziki wa mahafali. Mwalimu mkuu akasema, "Kijana wangu, njoo uone." Sikwenda. Akanitumia picha: mtoto amevaa shati jeupe, kifuani kuna michirizi ya njano, mkononi ameshika basi nusu njano nusu bluu. Rangi inatoka kama ganda la kitunguu. Watoto walishagundua kwamba ukiingiza kucha unavuta kipande kizima, basi wakaufanya ndio mchezo wa siku.

Hapa nitasema ukweli kwa sababu najua kuna mwenzangu atakutana na jambo kama hili. Nilizima simu. Siku mbili nzima. Nilikuwa najiambia nitaiwasha nikipata la kusema, na la kusema halikuja. Jumanne asubuhi mama mdogo akaja mwenyewe, amebeba ndoo yake ya maandazi, akakaa mlangoni. Shule walikuwa wamemfikia kupitia mzazi anayemfahamu. Hakunigombeza. Akauliza, "Yale mabasi yanatengenezeka au hayatengenezeki?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nenda kamuulize anayejua, halafu nenda shule."

ANAYEJUA ALIKUWA FUNDI WA MAGARI

Nilienda Gerezani, kwa mzee mmoja anayepaka rangi magari. Nilidhani ataniuzia rangi nzuri zaidi. Akalichukua basi langu, wala hakuangalia rangi. Aligeuza tumbo juu, akafuta vumbi kwa kidole, akanionyesha pembetatu ndogo ya mishale yenye namba 5 katikati.

"Hii ni plastiki ya bampa," akasema. "Haipendi rangi. Hata ungepaka rangi ya ndege, itabanduka."

Akanieleza kwamba plastiki siyo kitu kimoja, na kwamba mabampa mengi ya magari yametengenezwa kwa ndugu ya plastiki ile ile. Ndiyo maana mafundi wa magari wana dawa yake, na sisi wa vitu vidogo hatuijui. Nilikaa kwake siku mbili nikimsaidia kupiga msasa, bila malipo, ili anifundishe. Yafuatayo ni aliyonifundisha, pamoja na niliyojifunza mwenyewe kwa kuharibu.

1. IJUE PLASTIKI YAKO KABLA HUJANUNUA MZIGO

Geuza bidhaa, tafuta namba ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistaireni, na ukiona herufi ABS ni plastiki ngumu inayofanana nayo kitabia. Hizi mbili ni rafiki, zinapokea praima vizuri. Namba 5 ni polipropilini, na namba 2 na 4 ni polithini. Hizi tatu zina uso unaoteleza kama umepakwa nta, rangi haina pa kung'ang'ania. Namba 3 ni PVC. Ikiwa ngumu haina shida, ila ikiwa laini ya kukunjika, kama midoli ya mpira, ndani yake kuna mafuta ya kuilainisha. Mafuta hayo yanapanda taratibu na kufanya rangi nyingi za kupuliza zibaki zinanata hata baada ya wiki.

Midoli mingi haina namba. Hapo fanya jaribio la maji. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, weka kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kijiti ili viputo vya hewa vitoke, halafu kiachie. Kikipanda na kuelea, hiyo ni jamii ya 2, 4 au 5, jiandae kwa kazi ya ziada au acha mzigo. Kikizama, una nafasi nzuri. Usijaribu kwa gari zima, maana lina hewa ndani, litaelea tu hata kama ni plastiki nzuri. Jaribio hili halina gharama, na lingeniokoa laki kadhaa.

Na hili ndilo linalowaangusha wanaojifunza kwenye video. Wenzetu Uingereza na Japani wana utamaduni mkubwa wa kuunganisha na kupaka ndege, vifaru na wanajeshi wadogo wa plastiki. Kampuni kama Airfix ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1939, na Tamiya ya Japani inajulikana dunia nzima. Ila vitu vyao vingi ni polistaireni, iliyochaguliwa kwa sababu inakubali gundi na rangi. Ukifuata video yao neno kwa neno juu ya gari la Kariakoo la namba 5, praima yenyewe itabanduka pamoja na rangi. Video haina kosa, mmetumia plastiki tofauti tu.

2. OSHA, HATA KAMA LINANG'AA

Plastiki nyingi humiminwa kwenye kalibu, na kalibu mara nyingi hupakwa dawa ya kuteleza ili kitu kitoke bila kukwama. Mabaki ya dawa hiyo yanabaki juu ya bidhaa. Ongeza mafuta ya mikono ya kila aliyeshika kuanzia kiwandani mpaka kwako. Ukipaka juu yake, umepaka juu ya mafuta.

Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, ingia kwenye pembe na madirisha, suuza kwa maji safi, kausha usiku kucha. Usitumie maji yanayochemka, plastiki nyembamba inapinda. Na usifute kwa petroli, thina wala asetoni. Hizo zinayeyusha polistaireni, utaona uso unakuwa kama uji. Baada ya kuosha, shika kwa glavu au shikilia kwa kijiti ulichokibandika chini. Ukishika kwa mkono mtupu umerudisha mafuta.

3. MSASA LAINI, SIO NGUVU

Kwanza ondoa ule mstari wa kiungo cha kalibu kwa wembe, ukiukwangua taratibu badala ya kuukata. Halafu tumia msasa wa maji namba 400 mpaka 600, uloweshe. Lengo ni kuondoa ule mng'ao tu, uso uwe wa kufifia, upate vikwaruzo vidogo ambavyo praima itang'ang'ania. Ukitumia msasa mkali, mikwaruzo itaonekana mpaka kwenye rangi ya mwisho. Kulowesha msasa kunasaidia pia vumbi lisiruke ukalivuta. Ukimaliza suuza tena, kausha tena.

4. KWA NAMBA 5, DAWA YA BAMPA KWANZA

Maduka ya rangi za magari yanauza dawa ya kushikisha rangi kwenye bampa. Ni ya maji maji, haina rangi, inapigwa nyembamba sana kabla ya praima. Soma kopo: zina muda maalumu wa kusubiri kabla ya kuweka praima juu, ukichelewa au ukiwahi unapoteza kazi. Namba 6 na ABS hazihitaji dawa hii, na nyingine inaweza hata kuzidhuru, kwa hiyo usiipake kila kitu eti kwa usalama. Jaribu kwenye kimoja.

5. PRAIMA NDIYO MSINGI WA NYUMBA

Praima ina kazi mbili: inashika plastiki kwa chini, na inaipa rangi pa kushika kwa juu. Ina kazi ya tatu ambayo mimi niliilipia, kusawazisha rangi ya chini. Ningeweka praima nyeupe juu ya yale mabasi ya bluu, njano ingefunika kwa mikono miwili myembamba. Badala yake nilipiga minne minene, na rangi nene ndiyo inayobanduka kama ngozi. Nyeupe tumia chini ya njano, nyekundu na rangi zote za kung'aa. Nyeusi tumia chini ya rangi za giza. Kijivu kinafaa karibu kila mahali, na kinakuonyesha makosa ya msasa kabla hujachelewa.

Namna ya kupuliza: tikisa kopo dakika mbili nzima. Simama sentimita 20 mpaka 30 kutoka kwenye kitu. Anza kupuliza nje ya kitu, pita juu yake, malizia nje, kama unayefagia. Ukianzia juu ya kitu chenyewe, tone la kwanza linadondoka hapo. Mkono wa kwanza uwe wa ukungu tu, plastiki bado inaonekana. Subiri dakika 10 mpaka 15, piga wa pili, ikibidi wa tatu. Ukisogea karibu sana rangi inachuruzika na kuziba madirisha. Ukikaa mbali sana, au kukiwa na upepo, inakaukia hewani na kutua kama mchanga, uso unakuwa na chengachenga.

Kisha acha saa 24. Najua mteja anapiga simu. Acha saa 24. Ukinusa karibu ukasikia bado harufu ya rangi, haijakauka ndani hata kama juu imekauka.

Kuhusu hali ya hewa, sisi wa pwani tuwe makini. Siku ya mvua au asubuhi yenye unyevu mwingi, rangi na vanishi za kupuliza zinaweza kupata weupe kama ukungu. Mimi sasa napuliza kati ya saa nne na saa tisa, kivulini, siku kavu. Juani moja kwa moja hapana, plastiki inapata joto na rangi inakauka kabla haijatandaa.

6. RANGI ZA UKOO MMOJA

Usichanganye ovyo. Rangi yenye thina kali ikipigwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka sawasawa, ya chini inajikunja kama ngozi ya mzee. Rangi ya maji juu ya praima iliyokauka vizuri kwa kawaida haina ugomvi. Ukiwa na shaka, nunua praima, rangi na vanishi za aina moja, jaribu kimoja, ndipo uendelee.

Na kama unaweka kitu chako juu ya kipande cha styrofoam, ile nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni, kumbuka rangi ya kupuliza inaila mpaka inabaki mashimo. Izibe kwanza: paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, mikono miwili, ikauke kabisa, ndipo upulize.

7. FUNGA KWA VANISHI

Rangi peke yake ikishikwa na mikono kila siku inachakaa. Vanishi isiyo na rangi ndiyo inayobeba kucha, jasho na vumbi. Ya kung'aa inafaa magari na mabasi, isiyong'aa inafaa wanyama na watu. Piga nyembamba, mara mbili, kwa umbali ule ule wa praima.

Hapa kuna mtego. Kama umeandika jina kwa maka peni, vanishi ya kupuliza inaweza kuyeyusha wino, jina la shule likasambaa kama limelia. Yamenikuta. Jaribu kwanza pembeni. Mimi siku hizi nikishaandika napaka vanishi ya maji kwa brashi laini juu ya maandishi, ikikauka ndipo napuliza.

Na usifunge kwenye nailoni kabla haijakauka ndani. Ile Ijumaa yangu, mabasi yalitoka na alama za nailoni mgongoni hata kabla watoto hawajayagusa.

8. JARIBIO LA SELOTEPU

Huu ndio ufunguo wa biashara yangu sasa. Kabla ya kupaka mzigo, namaliza kimoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nakiacha siku mbili. Kisha chini, mahali pasipoonekana, nachora vimistari kwa wembe, vitatu kushoto kulia na vitatu juu chini, kama wavu. Nabandika selotepu, nakandamiza kwa kidole, navuta kwa nguvu. Vipande vikitoka na selotepu, mzigo hauendi. Visipotoka, naendelea. Dakika mbili tu.

AFYA YAKO NA YA WATOTO WA WATU

Puliza nje au mahali penye hewa. Makopo hayo yana gesi inayoshika moto, kwa hiyo mbali na jiko la mkaa na sigara. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi, tafuta ile yenye chujio wanayotumia wapaka rangi wa magari. Mzee wangu wa Gerezani anakohoa, na yeye mwenyewe anasema ni ya ujana wake wa kupuliza bila kitu usoni.

Halafu kuna la watoto. Rangi nyingi za magari hazikutengenezwa kwa ajili ya kitu kitakachoingia mdomoni, na baadhi ya rangi zina madini ya risasi, ambayo yanadhuru ubongo wa mtoto. Mimi sasa nauza kama pambo la mezani, na kwa mtoto mdogo anayetia vitu mdomoni simuuzii mzazi, hata akinibembeleza. Namwambia sababu. Wengine wananuna, wengine wanarudi kununua kingine kwa sababu hiyo hiyo.

TURUDI SHULENI

Siku ya Alhamisi nilienda kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, nikaishia kusema, "Mama, nilikosea, halafu nikazima simu, na hilo la pili ni baya kuliko la kwanza. Nipe yote niyarudie." Akaniangalia muda mrefu. Akasema watoto wa darasa la saba walishaondoka, itabidi wazazi wapigiwe mmoja mmoja, na mashati yaliyoharibika yatakatwa kwenye hela yangu, shilingi 60,000. Nikakubali.

Yalirudi mabasi 52. Manane hayakupatikana. Nikauza spika yangu kubwa ili kupata hela ya vifaa. Nikabandua njano yote kwa vidole, jioni moja tu, tena watoto wa jirani walinisaidia kwa furaha. Halafu sabuni, msasa, dawa ya bampa, praima nyeupe, njano mikono miwili, maandishi, vanishi. Lile la kwanza nililipeleka kwa mwalimu mkuu likiwa na selotepu mfukoni, nikamwambia ajaribu mwenyewe. Alijaribu mara tatu.

Mkopo ulifika siku yake kabla sijamaliza kazi. Mama mdogo alilipa 165,000 kutoka kwenye hela ya unga na mafuta. Wiki ile hakukaanga maandazi siku nne. Hakuniambia, niliambiwa na wateja wake.

HESABU KAMA NILIVYOAHIDI

Mara ya kwanza: basi 2,500, rangi 1,000, jumla 3,500. Kwa mabasi 60 ni 210,000. Nauli na mengineyo 40,000. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika faida ya 230,000 kabla ya riba, nikajiona tajiri.

Kurudia: sabuni na msasa 200, dawa ya bampa 700, praima 800, rangi 1,000, vanishi 600. Jumla 3,300 kwa basi, mara 52 ni 171,600. Nauli ya kwenda kuyakusanya na kuyarudisha niliikwepa kwa kutembea.

Nilichopokea: kianzio 100,000, na baadaye 320,000 baada ya kukatwa mashati. Jumla 420,000. Nilichotoa: 210,000 na 40,000 na 171,600, jumla 421,600, ukiongeza riba 15,000 inakuwa 436,600. Hasara 16,600, na karibu wiki sita za maisha yangu.

Sasa angalia. Maandalizi yote, yaani sabuni, msasa, dawa na praima, ni 1,700 kwa basi. Ukiweka na vanishi ni 2,300. Ningefanya hivyo toka mwanzo, gharama ingekuwa 5,800 kwa basi, na kwa bei ile ile ya 8,000 ningebaki na faida ndogo lakini safi, tena ningelala usingizi. Tatizo langu lilikuwa kupanga bei kwa vitu ambavyo mteja anaviona: basi na rangi. Vile asivyoviona niliviita gharama za bure.

Siku hizi basi kama lile nauza 12,000. Mteja akisema kwa fulani ni 8,000, sibishani naye. Namwekea selotepu mkononi. Bei za vifaa zinatofautiana duka kwa duka, kwa hiyo weka za kwako, ila usiruke mstari hata mmoja. Na siku za kusubiri zikauke nazo ni gharama: oda ya siku tatu siichukui tena, hata iwe kubwa kiasi gani.

Ile shule haijanipa oda nyingine. Sitawadanganya kwamba walirudi. Ila mzazi mmoja aliyeletewa basi la mwanae nyumbani alinipigia miezi minne baadaye, ana harusi, anataka magari madogo 30 ya kuweka mezani. Hela ile ilienda yote kwa mama mdogo. Aliihesabu mara mbili, akaifunga kwenye kanga, akasema, "Sasa naweza kupita njia yangu ile ile."

Ndugu yangu unayesoma, kama una mzigo wa plastiki ndani sasa hivi, kabla hujapuliza kitu geuza kimoja uangalie namba, au kata kipande ukitie kwenye glasi ya maji. Niandikie hapa chini kimeelea au kimezama, na unataka kupaka nini, nitakujibu ninavyojua. Na mwenye fundi wa bampa mtaani kwake akamsalimie. Pale kuna shule.